Nilivyougua Huku Nalazimishwa Kucheka

Nilianza kushuku kwamba nakufa siku wifi yangu Atupele aliponichekea.

Tangu niolewe na kaka yake, Atupele alikuwa mtu wa kunisalimia huku anaangalia pembeni. Nikipika, chumvi imezidi. Nikivaa vizuri, najionyesha. Siku hiyo nilikuwa nimerudi jana yake kutoka hospitali ya rufaa Mbeya, ambako niliambiwa kwamba uvimbe wa kwenye titi langu la kushoto ni kansa. Akaingia sebuleni kwetu Mbugani, hapa Kyela, akafungua mikono, meno yote nje. "Wifi yangu jamani! Mbona umenawiri hivyo?" Sikuwa nimenawiri. Nilikuwa sijala chakula cha maana siku kadhaa na macho yamenivimba kwa kulia. Nikajiambia moyoni, huyu ameambiwa kitu ambacho mimi sijaambiwa.

Niseme mapema kwamba kushuku ndiyo kazi yangu. Nauza mchele. Mchele wa Kyela una jina, na kwa sababu hiyo unachakachuliwa sana. Watu huleta mchele wa kwingine, wakauchanganya na wetu, wakaweka punje nzuri juu na chenga chini, kisha wakakukaribisha kwa tabasamu uangalie mdomo wa gunia. Ndiyo maana tunatembea na bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji. Unachoma gunia ubavuni, unachomoa, punje za katikati zinakuja zenyewe. Sokoni nimejifunza kwamba muuzaji akinihimiza sana niangalie juu, mimi nachoma katikati. Sasa nyumba yangu ilijaa watu wa kunihimiza niangalie juu.

Sina elimu ya kukueleza kansa inaanzaje. Hayo waulize madaktari. Nakuandikia wewe uliyeambiwa juzi, ambaye bado hujajua kwamba ukishaambiwa unapewa mizigo miwili. Wa kwanza ni ugonjwa. Wa pili ni kutakiwa uchangamke, na huo wa pili hakuna dawa yake kwenye dirisha lolote la hospitali.

Kwetu sheria ilitangazwa wiki ile ile. Atupele ndiye kiongozi wa akina mama wa maombi kanisani kwetu, na alikuja nao wakajaza mkeka. Baada ya sala akasema, "Wifi, kuanzia leo usikiri ugonjwa. Usiseme nina kansa. Ukisema, umeikubali. Ukilia, umeikaribisha." Wakaitika wote. Mume wangu, Baba Neema, akaitika pia, kwa sauti kuliko wote. Tangu siku hiyo neno kansa likafukuzwa nyumbani. Ugonjwa wangu ukaitwa changamoto. Mtu akinipigia simu, Baba Neema anaipokea na kusema, "Anaendelea vizuri sana, changamoto iko mbioni kuondoka." Hata jina langu lilitumiwa dhidi yangu. Naitwa Tusekile, maana yake tumefurahi. "Wewe jina lako lenyewe ni furaha," wananiambia, "unanunaje?" Nilitamani wazazi wangu wangeniita jina lingine lolote.

Dripu ya kwanza ya dawa ya kansa nilichomwa wakati watu wanapandikiza mpunga. Ukitoka Kyela na joto lake ukapanda Tukuyu kwenda Mbeya, baridi inakupokea njiani kama ulikuwa na deni nayo. Nilikaa kwenye benchi la mbao la hospitali nimejifunika vitenge viwili, natetemeka, nasubiri majibu ya damu. Damu ikiwa chini wanakurudisha nyumbani bila dripu. Kwa hiyo kila mtu pale anaangalia mlango mmoja, na nesi akitokea, mabega yote yanapanda. Hakuna aliyekuwa ananiambia nimenawiri. Tulikuwa tunaulizana tu, "Wewe ya ngapi?" Na mtu anajibu. Nilikaa vizuri pale kuliko nyumbani kwangu.

Nywele ziliondoka kabla ya dripu ya pili, kwanza kwenye mto, kisha mkononi, nikamaliza zilizobaki kwa wembe mwenyewe. Kucha zikawa nyeusi. Lakini hayo nilikuwa nimeonywa. Ambalo hakuna aliyenionya ni harufu. Mchele wangu mwenyewe, ule ambao watu wanatoka mbali kuufuata kwa sababu ukichemka jirani anajua, ulinitapisha. Nikipita karibu na ghala langu nabana pua. Halafu vidole vikafa ganzi. Nikishika punje sihisi kama ni kavu au ina unyevu, na hiyo ndiyo kazi yangu yote. Nilimwambia Baba Neema kwamba vidole vyangu havijui tena mchele. Akacheka. "Vitarudi! Sema vimesharudi!" Nikamwangalia yule mwanaume niliyezaa naye nikaona nimekaa na mtu wa redio.

Aliyeniokoa miezi ile ni Bi Zaituni. Duka lake la vitenge na ndoo limepakana na ghala langu. Baba yake alikuja Kyela kutoka Kilwa kufanya biashara, akabaki. Bi Zaituni alikuja na jagi la maji ya ukwaju, akakaa, akavua viatu, akaniangalia kichwa kisicho na nywele bila kuhamisha macho. "Pole, shoga yangu. Leo inauma wapi?"

Nilimweleza. Mdomo una vidonda, mifupa ya mapaja inauma, naogopa. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Mungu akupe shifaa. Kunywa kidogo kidogo." Akawa anakuja kila baada ya dripu na swali lile lile. Nilimshuku na yeye, sikufichi, nikadhani anataka kununua ghala langu nikifa. Siku moja nikamuuliza hivyo hivyo, ana kwa ana. Alicheka mpaka akakohoa. "Ghala lako lina panya, nilifanyie nini?" Nikamwamini.

Kule Mbeya nilimpata Lugano. Alikuwa mdogo kwangu, mwanamke wa Katumba Songwe, mkulima wa kakao na ndizi, na alikuwa na ugonjwa kama wangu. Alikuja kila mara na mama yake, bibi mwembamba mwenye kilemba cheupe, ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Lugano alikuwa anacheka. Nesi akimkosa mshipa, anacheka. Wakimwambia damu iko chini, arudi wiki ijayo, anacheka, anamwambia mama yake, "Tumepata likizo." Benchi zima lilimpenda. Na kwa kuwa kanisa letu na lao ni moja, ila mitaa, yaani matawi, tofauti, sifa zake zilifika kwa wifi yangu, na hapo ndipo nilipokoma. "Mwangalie Lugano," Atupele ananiambia. "Yule ana imani. Uso wake tu unakuambia ameshapona. Wewe kila ukiulizwa unaorodhesha maumivu kama mtu wa sensa."

Sikumwamini Lugano. Gunia lile lilikuwa zuri mno mdomoni. Siku moja tumesimama foleni ya kutoa damu, mama yake ameenda kununua chai, nikamchoma. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi usinichekee. Mimi siendi kumwambia mtu."

Aligeuka kuangalia mama yake yuko wapi. Kisha akashika uso wake kwa viganja viwili, akasema taratibu, "Dada, mashavu yananiuma."

"Yanauma vipi?"

"Ya kucheka. Mama akiniona nimenuna hali chakula. Anaweza kukaa siku nzima. Kwa hiyo nikiamka naanza kazi." Akaona mama yake anarudi na vikombe, na tabasamu likapanda pale pale, kama mtu anayevuta pazia. Nilimhurumia. Nilikuwa nimemwonea wivu mtu aliyechoka kuliko mimi.

Mvua za masika zikaja na maji yakajaa barabarani kama kawaida yetu. Dripu zilikuwa zimebaki chache, baada ya hapo nikatwe titi. Katika kipindi hicho Baba Neema alizidi kuchangamka, na mimi nikazidi kushuku. Jioni moja alirudi amelowa, shati lina madoa meusi ya utomvu wa migomba. Nayafahamu madoa yale, hayatoki hata kwa jiki. Kwao ni Busale, lakini shamba la kule tulishamwachia kaka yake siku nyingi, na mume wangu hajashika panga tangu afungue duka la vipuri.

"Umetoka wapi?"

"Nilienda Busale, kusalimia."

"Unasalimia kwa kukata migomba?"

Akacheka kile kicheko chake kipya. Nikamwambia, "Baba Neema, kaa. Mmekata migomba ya nini?"

Akasema ni kusafisha tu. Nikamuuliza kusafisha upande gani. Akasema upande wa chini, karibu na majaruba ya mpunga. Nikakumbuka kilichoko upande wa chini: kaburi la mama yake. Kwetu mwanamke aliyeolewa anazikwa kwa mumewe, kwenye migomba, jirani na wakwe zake.

"Mnanisafishia mahali," nikasema.

Kicheko kilimtoka usoni kama kimefutwa na kitambaa. Alikaa kwenye kochi na shati lake la maji. "Kaka alisema tusije tukakutwa hatujajiandaa," akasema. "Mimi nilikataa. Nilikataa mara nyingi. Juzi ukashindwa kuinuka bafuni, nikaenda." Halafu akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, na mimi nikamwangalia, na sitakudanganya nilihisi nini. Nilihisi raha. Kwa miezi yote ile nilikuwa naogopa peke yangu katika nyumba ya watu wanaocheka, kumbe mwenzangu alikuwa anaogopa chumbani mle mle.

Nikamwambia, "Kesho nipeleke nikaone."

Alidhani nimechanganyikiwa. Lakini alinipeleka. Nilitembea kwa fimbo katikati ya migomba, shemeji yangu anatufuata nyuma hajui aweke wapi macho. Walikuwa wamefyeka vizuri, pameachwa uwazi wa mtu mmoja, na ndani ya ule uwazi maji yalikuwa yamesimama, vyura wanalia.

"Hapa?" nikawauliza. "Kwenye maji? Mnataka kunizika au kunipandikiza?"

Baba Neema alijaribu kujizuia akashindwa. Tukacheka, mimi na yeye na shemeji, tukashikana mabega tusianguke kwenye tope. Hicho kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu niugue, na hakuna aliyenishurutisha. Tukapanda juu, karibu na mgomba wa mwisho kabla ya njia, ambako ardhi ni kavu hata masika. Nikasimama pale. Nikasema, "Ikiwa itakuwa, iwe hapa." Mume wangu akasema sawa. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuwa ameniuliza tangu Januari nilipoambiwa: "Inauma sana?" Nikamwambia ndiyo, inauma sana, na tukarudi nyumbani tunazungumza njia nzima.

Atupele alipopata habari alikuja juu. Tumejitabiria kifo, tumemfungulia adui mlango. Kwa mara ya kwanza kaka yake alimwambia, "Dada, yatosha." Hawakusemeshana mpaka mavuno, na lawama ilikuwa yangu, kama kawaida.

Nilikatwa titi wakati wa kipupwe, mpunga uko kwenye mikeka. Nilipofunguliwa bandeji nilijiangalia muda mrefu. Upande mmoja ni mimi, upande mwingine ni kama ubao uliopigwa randa vibaya. Nikalia, nesi akaniacha nilie, akanipa pamba. Baadaye nikapelekwa Dar es Salaam kwa mionzi, ngozi ikaungua ikawa kama ganda la kakao, nikarudi.

Lugano hakufika kwenye mionzi. Kwake ugonjwa uliingia kwenye mapafu. Alipofariki mimi nilikuwa hoi kitandani, sikuweza kwenda Katumba Songwe kumzika, na aliyeniletea habari za matanga ni Atupele, aliyekuja akakaa pembeni ya kitanda changu kwa huzuni ya kweli, hilo simnyimi.

"Amekufa vibaya?" nikamuuliza.

"Amelala tu." Akanyoosha shuka langu. "Ila watu wanasema mwishoni alilegea."

"Alilegea nini?"

"Imani. Wanasema alikata tamaa. Angeshikilia kidogo tu."

Niligeukia ukutani. Hasira niliyokuwa nayo iliniumiza mpaka kwenye kovu. Yule binti alicheka mpaka mashavu yakamuuma, na bado walimkuta na kosa. Ndipo nilipoona gunia lote mpaka chini. Ukipona, ni kwa sababu ulichangamka. Ukifa, hukuchangamka vya kutosha. Hakuna siku ambayo mwenye kukushauri atakuwa amekosea.

Mwaka uliofuata, vipimo vyangu vikawa safi. Daktari hakuniambia nimepona, aliniambia tutaendelea kuangalia, na nikampenda kwa hilo. Lakini kanisani nilishapona. Nikapangiwa kutoa ushuhuda siku ya sikukuu ya mavuno, ambapo mitaa yote inakusanyika, na Atupele akaja kunifundisha la kusema. Nianze na namna nilivyokataa ugonjwa. Niseme sikuwahi kulia. "Wapo wagonjwa watakaokuwa pale," akasema, "watakutazama wewe."

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilijua ni kweli, watanitazama. Nikisema uongo ule, kuna mwanamke kwenye benchi la nyuma atarudi kwake aanze kazi ya mashavu. Nikisema ukweli, nitamwaibisha wifi yangu mbele ya mitaa yote, na nyumba iliyokuwa imeanza kupatana itavunjika tena. Baba Neema nilimuuliza. Akasema, "Wewe ndiye uliyeugua."

Siku yenyewe kanisa lilijaa mikungu ya ndizi, magunia ya mpunga, kuku wamefungwa miguu. Nilisimama mbele na kitambaa kichwani, nywele zimeota fupi kama za mtoto. Nikamwona Atupele mstari wa mbele, tayari anatabasamu. Na nyuma, karibu na mlango, nikaona kilemba cheupe. Mama yake Lugano.

Nilimshukuru Mungu, maana ninamshukuru. Halafu nikasema, "Mimi nililia. Nililia karibu kila siku. Niliogopa, nikalalamika, nikaenda kuangalia mahali pa kaburi langu. Na leo nipo. Mwenzangu Lugano wa Katumba Songwe alikuwa na ugonjwa huu huu. Yeye alicheka kila siku, na imani yake mliisifu wenyewe. Amefariki. Mimi sijui kwa nini niko hapa na yeye hayupo. Hakuna anayejua humu ndani. Kwa hiyo naomba msiseme alilegea. Na mgonjwa akilia, mpeni kitambaa."

Mtu mmoja alianza kusema amina, akaiacha katikati. Nikarudi kukaa. Atupele hakunitazama.

Baada ya ibada nilikuwa nje nimeegemea ukuta nilipomwona yule bibi anakuja, anatembea pole pole. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia kwa Kinyakyusa. "Mugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu." Alinishika mkono, hakuuachia. Alikuwa amekonda sana. "Umesema wewe ulikuwa unalia."

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

Aliangalia chini. "Lugano alilia mara moja. Wiki ya mwisho. Alisema mama nimechoka, akalia. Nikamkemea." Sauti ilimkatika, akaitafuta. "Nilimwambia nyamaza, unaharibu. Akanyamaza. Akafa amenyamaza. Nimekuwa nikifikiri ni yale machozi. Kwamba yale ndiyo yaliyomuua."

"Hapana, mama," nikasema. "Si machozi. Kama machozi yangekuwa yanaua, mimi nisingefika dripu ya tatu."

"Kwa hiyo mwanangu hakukosea?"

"Hakukosea kitu."

Uso wake ulikunjika. Akaanza kulia pale pale kwenye ua wa kanisa, watu wanapita na mikungu yao, kilio cha mtu aliyekizuia mwaka mzima. Nikamwona Atupele anatoka mlangoni, anatuona, anakuja haraka na tabasamu limeshapangwa. "Mama jamani, leo ni sikukuu, usi—"

"Mwache, wifi," nikasema. "Mwache alie."

Atupele alisimama. Alimtazama yule bibi, akanitazama mimi, na tabasamu likamshuka polepole mpaka likaisha. Kisha akafungua kitenge chake cha kiunoni, akakitandika kwenye majani kando ya ukuta, akamshika bibi kwapani na kumkalisha. Akakaa naye. Na mama yake Lugano akalia mpaka akatosheka.